Mkuu wa Habari Aliyerudi Mtaani

Kituo kile cha redio hakikupiga muziki hata siku za sikukuu. Kuanzia alfajiri mpaka watu wanapokwenda kulala ilikuwa habari tupu, na mji ulikuwa umekizoea kiasi kwamba mwenye duka alifungulia redio kabla hajamaliza kufungua makufuli. Kila saa kulikuwa na taarifa ya nchi na dunia, na katikati ya saa zilisomwa habari za mji wenyewe: barabara gani imefungwa, maji yamekatika upande upi, halmashauri imepitisha nini, nani kapotelewa na mtoto. Wengi waliisikiliza taarifa ya nchi kwa sikio moja huku wakisubiri ile ya mji.

Msomaji wa taarifa ya asubuhi alikuwa bwana wa makamo, mwenye sauti nzito na kitambi cha wastani, ambaye kila mtu alimwita Saa Moja. Alikuwa amesoma taarifa ya saa hiyo kwa miaka mingi mno, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Akipita sokoni mchana, wauza nyanya walimtania kwamba leo Saa Moja kachelewa kweli kweli. Nyumbani hakupumua pia. Mama mkwe wake aliishi nao, na kwa kuwa magoti hayakumruhusu kutembea sana, kutwa nzima alikuwa na redio ndogo pajani. Jioni mkwe akirudi, alikuta hesabu yake ya makosa inamngoja. Siku moja aliambiwa kwamba mwisho wa sentensi anaumeza kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Alicheka, lakini kesho yake alijirekebisha.

Mkuu wa habari katika kituo hicho alikuwa mwanamke aliyeitwa Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zake wawili mapacha. Yeye na Saa Moja walianza kazi pamoja, wakigawana meza moja na kinasa sauti kimoja chenye kifuniko kilichofungwa kwa utepe. Baadaye mmoja alikwenda kwenye maikrofoni, mwingine akapanda ngazi. Siku Mama Pacha alipopewa ukuu, Saa Moja alinuna. Aliona kwamba yeye ndiye aliyestahili, kwani sauti yake ndiyo iliyojulikana mji mzima. Ilimchukua muda kukiri moyoni kwamba yeye alijulikana kwa sauti, lakini Mama Pacha ndiye aliyeujua mji.

Na aliujua hasa. Chumba cha habari kilikuwa kirefu na chembamba, dirisha moja tu, feni inayozunguka kwa kulalamika, na ukutani ramani ya mji iliyochubuka pembe. Kila mwandishi alikuwa na mahali pake kwenye ramani ile: mmoja mahakamani, mwingine halmashauri, mwingine hospitali na shule, wengine mitaa ya juu na mitaa ya ng'ambo ya mto. Mama Pacha aliwagawa kila asubuhi kama kocha anayepanga timu. Mwandishi akirudi na habari moto, hakuulizwa imetoka wapi wala kama vituo vingine vimeshaisikia. Aliulizwa swali moja tu: "Nani ameona?" Kama jibu lilikuwa "watu wanasema", alirudishwa alikotoka na viatu vyake vya vumbi, hata kama mvua inanyesha. Wengine walinung'unika. Lakini katika mji ule, mtu akitaka kumaliza ubishi kijiweni, alisema tu kwamba jambo lile limetangazwa, na ubishi ukaisha.

Basi mambo yakaanza kuharibika. Meneja wa kituo alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kutoa habari mbaya. Asubuhi moja aliwaita wote katika chumba cha mikutano, akakohoa, akanywa maji, akakohoa tena. Wafanyakazi wakatazamana. Aliwaeleza kwamba wasikilizaji wameongezeka lakini matangazo ya biashara yamepungua, na wenye kituo, waliokaa mji mkuu, wameamua kupunguza chumba cha habari kwa nusu. Habari za mji zitasomwa asubuhi na jioni tu. Zilizobaki zitaandikwa na watu wa dawati kuu huko makao makuu, watakaokuwa wakifuatilia mambo kwa simu na kwa yale yanayosambazwa mitandaoni, kisha watawatumia maandishi yaliyo tayari kusomwa. Akamgeukia Mama Pacha na kumwomba, bila kumtazama usoni, ampe majina ya watakaoondoka kabla ya wiki kwisha.

Siku zilizofuata chumba kile kilipoa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu waliokuwa wakirushiana maneno sasa waliombana kalamu kwa adabu. Saa Moja hakuwa na wasiwasi juu yake mwenyewe, maana sauti yake ilikuwa nembo ya kituo, lakini hakuweza kumtazama mwenzake yeyote machoni. Alimwona Mama Pacha akiingia ofisini na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akamwonea huruma kwa kazi aliyopewa.

Ijumaa, baada ya taarifa ya asubuhi, Mama Pacha alimfuata studio. Fundi mitambo, mwanamke kijana aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, alisoma hali ya hewa usoni mwao akatoka kwenda kutafuta chai.

"Nimempa meneja jina la kwanza," Mama Pacha alisema.

"La nani?"

"Langu."

Saa Moja alidhani hakusikia vizuri. Mama Pacha akamweleza taratibu. Mshahara wa mkuu wa habari, pamoja na gari na marupurupu yake, ulitosha kuwalipa waandishi wawili. Kwa hiyo alikuwa amependekeza cheo kile kifutwe. Gari analirudisha. Yeye atabaki kama mwandishi wa mtaani, kwa mshahara wa mwandishi wa mtaani, na wawili waliokuwa watoke watabaki. Kazi ya kupanga watu na kuhariri habari itafanywa na Saa Moja, juu ya kazi yake ya kusoma, bila nyongeza yoyote.

"Yaani umenipa kazi hata hujaniuliza?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza, kabla meneja hajakohoa."

Saa Moja alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka. Akataka kujua mume wa Mama Pacha amesemaje. Mama Pacha akajibu kwamba mumewe, aliyekuwa fundi seremala, aliendelea kupiga randa, halafu akasema kwamba tangu mkewe apewe ofisi amekuwa akirudi nyumbani na kichwa kinachouma, na enzi za mtaani alikuwa akirudi na miguu inayouma, na ya miguu ina dawa. Mapacha ndio waliolia, kwa sababu ya gari.

Saa Moja alikubali. Baadaye alimwambia mkewe kwamba hakukubali kwa ushujaa, bali kwa sababu hakuweza kufikiria angesemaje akikataa.

Hata hivyo, waandishi wanne waliondoka, pamoja na yule bwana wa mahakamani aliyekuwa amekaa muda mrefu kuliko wote. Mama Pacha hakuwaachia barua mezani. Alikaa na kila mmoja, akamweleza mwenyewe kwa mdomo wake, na yule wa mahakamani, aliyekuwa na homa siku hiyo, alimfuata nyumbani kwake. Alirudi macho mekundu, akaosha uso bombani, akachukua kinasa sauti na kutoka kwenda kwenye kikao cha halmashauri.

Mjini watu walisema yao. Wengine walisema kashushwa cheo, wengine kwamba kuna jambo kalifanya. Aliyekuwa akipita ndani ya gari la kituo sasa alionekana akiruka madimbwi, mwavuli kwapani, akingoja zamu ya kupanda pikipiki kama kila mtu. Diwani mmoja alimuuliza mbele za watu, kwa kebehi iliyopakwa asali, kama bado ana kazi. Mama Pacha alimjibu kwamba anayo, na akamsogezea kinasa sauti karibu na mdomo ili aeleze kwa nini taa za barabarani za mtaa wake haziwaki.

Saa Moja ndiye aliyeona kwa karibu kazi aliyoifanya mwanamke yule, na kadiri alivyoona ndivyo alivyozidi kustaajabu. Kwa siku moja angeweza kuanza mahakamani, akapita hospitali, akamalizia ng'ambo ya mto, na bado akaleta habari ambazo kila moja ilikuwa na mtu aliyeona na mtu aliyeulizwa. Wale wawili waliobaki kwa sababu yake aliwachukua zamu kwa zamu, akiwaonyesha mlango gani wa halmashauri hufunguliwa bila kubishwa hodi na ni muuguzi mkuu yupi asiyependa kupigiwa simu asubuhi. Hakuwaambia kamwe ni kwa nini wamebaki. Walikuja kujua kwa watu wengine.

Lililomgusa Saa Moja kuliko yote lilitokea mapema, siku za mwanzo. Mama Pacha alileta habari ya shule iliyokosa madawati, na ilikuwa ndefu, na sehemu muhimu ilikuwa imezama katikati. Saa Moja aliiona kasoro, lakini angemwambiaje mkuu wake wa jana? Akaisoma vilevile. Mama Pacha alimngoja nje ya studio.

"Habari ile ilikuwa mbovu, na wewe umeiona."

Saa Moja akakiri kwamba aliona haya kumsahihisha.

"Ukinionea haya mimi," Mama Pacha akamwambia, "anayeumia ni msikilizaji. Nirudishie niandike upya."

Tangu siku hiyo Saa Moja alimkatia sentensi kama alivyomkatia kila mtu, naye aliitikia "sawa, mkuu" bila hata chembe ya dhihaka, akakaa kwenye kiti cha pembeni chenye mguu mfupi na kuandika tena.

Bwawa la maji ya mji lilikuwa juu, katikati ya vilima, na mto uliotoka hapo ulipita katikati ya mji chini ya daraja moja kubwa. Msimu ule mvua zilinyesha vilimani kwa mfululizo. Asubuhi moja mjini hapakuwa na mvua, jua lilikuwa likiwaka, na Saa Moja alikuwa akijiandaa kusoma taarifa ya saa nne wakati simu zote za chumba cha habari zilipolia kwa pamoja.

Kila mpigaji alikuwa na neno moja: bwawa limepasuka. Kwenye simu za mkononi kulikuwa na video inayosambaa kama moto wa nyikani, ikionyesha maji ya kahawia yanayonguruma kati ya mawe, na sauti ya mwanamume anayepiga kelele kwamba watu wakimbie. Kupitia dirisha lile moja, Saa Moja aliwaona watu wakitoka madukani bila kufunga milango. Akina mama walikuwa wakikimbilia upande wa shule. Wengi walielekea darajani, ili wavukie ng'ambo walikodhani kuna usalama.

Maandishi kutoka dawati kuu yalifika hapo hapo. Kichwa chake kilisema bwawa limepasuka na maelfu wanakimbia kuokoa maisha. Mhariri wa makao makuu akapiga simu mwenyewe, akihema, akimtaka Saa Moja asome mara moja kwa sababu vituo vingine viwili vimeshatangaza.

"Nani ameona?" Saa Moja aliuliza.

 Mhariri akasema video iko wazi.

"Video inaonyesha maji. Haionyeshi ukuta."

Mhariri alianza kufoka. Saa Moja aliweka simu chini ikiwa bado inaongea, maana nyingine ilikuwa ikiwaka taa mbele yake, na fundi mitambo alikuwa akimwashiria kwa mikono miwili aichukue. Alikuwa Mama Pacha. Nyuma yake palikuwa na mngurumo wa pikipiki na kelele za watu.

"Nimetoka halmashauri, naelekea bwawani," alisema. "Watu wote wanashuka, mimi peke yangu napanda. Usiseme limepasuka. Usiseme halijapasuka. Nipe nafasi nifike."

"Kama limepasuka kweli je? Barabara hiyo inafuata mto."

"Dereva anajua njia ya juu, ya machimbo. Mtume kijana wetu mmoja darajani na mwingine hospitali. Simu isikatike."

Ikakatika. Saa Moja alibaki ameishika. Alimjua vya kutosha kuelewa kwamba asingegeuza pikipiki ile hata angeamriwa. Aliwatuma wale wawili waliobakizwa, mmoja darajani na mwingine hospitali, wakatoka mbio. Kisha akaingia studio, akavaa vipokea sauti, na taa nyekundu ikawaka.

Katika maisha yake yote ya utangazaji hakuwahi kusema neno "hatujui" mbele ya maikrofoni. Alifundishwa kwamba mtangazaji hana budi kujua. Asubuhi ile ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Alisema kwamba hawajui kama bwawa limepasuka, kwamba hakuna mtu yeyote waliyezungumza naye aliyeuona ukuta, na kwamba mwandishi wao yuko njiani kwenda kuutazama kwa macho yake. Alisema wanachokijua ni kwamba mto umejaa. Aliwaomba wanaoishi kandokando ya mto wapande kwa miguu upande wao wenyewe, kwenye miinuko iliyo karibu, wawashike wazee na watoto mikono, na wasiende darajani. Akayarudia hayo yote kwa sauti ileile nzito, pole pole, akimalizia kila sentensi.

Mwandishi wa darajani akaingia hewani. Alisimulia kwamba magari yamefungana, kwamba watu wanasukumana kutoka pande zote mbili, na kwamba mzee mmoja ameanguka. Askari wa barabarani aliyekuwa naye alichukua simu, akaomba watu wasikilize redio na warudi nyuma. Saa Moja alisoma ombi lile mara tatu. Yule wa hospitali naye akaripoti kwamba madaktari wako tayari na lango liko wazi, na kwamba hakuna majeruhi wa maji aliyefika, ila waliokanyagwa.

Wakati huo simu ya Saa Moja mwenyewe ilikuwa ikitetemeka mezani. Alikuwa mkewe. Nyumba yao haikuwa mbali na mto. Sauti ya mwandishi wa hospitali ikiwa bado hewani, alisukuma vipokea sauti kando na kupokea.

Mkewe alimwambia kwamba majirani wote wanaondoka, lakini mama hataki kuinuka kwenye kiti. Anasema vituo vingine vimesema limepasuka, lakini mkwe wake hajasema, na yeye hanyanyui magoti yake mabovu kwa maneno ya vituo vingine.

"Bwawa vipi?" mkewe aliuliza. "Niambie mimi."

"Sijui, mke wangu. Mwite kijana wa jirani mumbebe, mpande pale kwa fundi cherehani, juu. Msiende darajani."

"Unaniambia kama mume au kama redio?"

"Ni yaleyale."

Alisikia mkewe akivuta pumzi, kisha akamsikia akimwambia mama yake kwamba mkwe kasema tupande. Simu ikafungwa. Saa Moja akavaa tena vipokea sauti na kurudi hewani. 

Makao makuu walipiga tena, na meneja ndiye aliyepokea. Saa Moja alimwona kupitia kioo, amesimama wima kuliko kawaida yake, akisema jambo fupi kisha akishusha simu. Hakukohoa. Baadaye ilijulikana kwamba aliwaambia wakitaka maandishi yale yasomwe waje wayasome wenyewe.

Hatimaye laini ya Mama Pacha ikarudi. Kwanza ulisikika upepo, halafu mtu anayehema kama aliyepanda ngazi nyingi.

"Niko juu ya ukuta wa bwawa," alisema. Sauti yake ilikwenda moja kwa moja hewani. "Ukuta umesimama. Ninaukanyaga."

Fundi mitambo alifunika mdomo kwa kofia yake. Saa Moja alitaka kusema kitu cha kushukuru, lakini akaikumbuka kazi. Akamwomba atembee ukuta ule kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, na aueleze mji anachokiona kila anapofika.

Mama Pacha akatembea. Aliwaeleza kwamba maji yako juu, karibu na alama nyekundu, lakini hayajaivuka. Alisimama katikati akaeleza malango mawili yaliyofunguliwa chini yake, na mngurumo wa maji yanayotoka, ndio ule ule wa kwenye video. Aliinama akagusa saruji, akasema ni kavu upande wa nje, hakuna ufa, hakuna maji yanayochuruzika. Alifika mwisho, akageuka, akatembea tena kurudi upande wa pili wa ukuta, na mji mzima ukatembea naye. Watu walisimulia baadaye kwamba darajani madereva walizima injini ili wasikie, na kwamba kutoka redio hadi redio zilikuwa zikisikika hatua zake.

Kisha akamtafuta mhandisi wa zamu na kumweka hewani. Mhandisi alieleza kwamba walifungua malango alfajiri ili kupunguza maji, kama inavyotakiwa. Mama Pacha hakumwacha aishie hapo. Alimuuliza kwa nini king'ora cha kuwatahadharisha watu hakikulia. Mhandisi akasema ukweli: kilikuwa kibovu tangu msimu uliopita, na ujumbe waliotuma mjini haukufikishwa kwa wananchi. Mama Pacha akamshukuru kwa kusema, na akawaambia wa kandokando ya mto wasirudi majumbani kwanza, kwa sababu maji ya malango yale bado yanashuka.

Ikawa kweli. Adhuhuri mto ulipanda ukaingia kwenye nyua za chini, ukachukua mabanda ya kuku na bustani kadhaa za mboga, na kufika kwenye kizingiti cha nyumba ya Saa Moja. Haukumkuta mtu. Darajani waliumia watu, yule mzee aliyeanguka alivunjika mguu, na mtoto aliyepotea alipatikana jioni baada ya kutangazwa. Hakufa mtu hata mmoja. Mama mkwe alirudishwa nyumbani akiwa amebebwa tena, akilalamika kwamba redio ya fundi cherehani ina mikwaruzo.

Mama Pacha alirudi kituoni jua likiwa limeshaanza kulegea, matope mpaka magotini. Wote walisimama. Hakupenda. Alikaa kwenye kile kiti cha pembeni, akavua viatu, na kuuliza kama kuna mtu aliyemrudia yule askari wa barabarani kujua hali ya mzee aliyeanguka. Hakukuwa na aliyemrudia. Akapiga simu mwenyewe, miguu peku.

Wenye kituo walituma barua ya pongezi yenye maneno mazuri. Saa Moja aliisoma, akaikunja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaomba nafasi ya kusafiri kwenda mji mkuu kuonana nao. Huko hakupamba maneno. Aliwaambia kwamba siku ile mji ulisalimika kwa sababu watu watatu walikuwa mahali patatu kwa wakati mmoja, na kwamba wawili kati yao wangekuwa wameshafukuzwa kama mwanamke mmoja hangeshuka kwenye kiti chake. Akawauliza, mara nyingine mto ukijaa, nani atakuwepo.

Hakupata yote aliyoyataka. Habari za mji zilirudishwa kila saa, na waandishi wawili kati ya wanne wakaitwa tena. Yule wa mahakamani alikuwa ameshapata kazi ya kufundisha, akashukuru na kukataa. Meneja alimwita Mama Pacha na kumwambia kwamba cheo chake kinaweza kurudishwa. Mama Pacha aliomba fedha hizo zimlipe mwandishi wa kukaa mahakamani, kwa kuwa kesi zinasikilizwa kila siku na hakuna wa kuzisikiliza. Saa Moja alipoambiwa alipumua kwa nafuu, kwani alikuwa ameanza kuipenda kazi ya kuhariri, kisha akaona haya kwa nafuu ile, akaenda kumwambia yote mawili. Mama Pacha alicheka mpaka akashika ubavu.

Jumapili moja Saa Moja alimwomba ampeleke bwawani. Alikuwa amelitaja hewani maisha yake yote na hakuwahi kulitia machoni. Walipanda kwa pikipiki mbili kwa njia ya machimbo, na alipofika juu ya ukuta alishika reli kwa mikono yote miwili. Upande mmoja maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya chai. Upande wa pili mji ulikuwa umelala chini, mabati yanametameta, daraja likionekana dogo kama kibiriti.

Alijaribu kuitafuta nyumba yake asiione. Mama Pacha akamwonyesha kwa kidole: pale penye mnara, shuka kushoto, paa lenye kiraka cha bluu. Kisha akamwonyesha kwa fundi cherehani, shule ya madawati, na nyumbani kwa bwana wa mahakamani. Alikuwa akiendelea kuonyesha simu yake ilipolia. Bomba kuu lilikuwa limepasuka mtaa wa karibu na stendi, na maji yalikuwa yanaingia madukani.

"Umeliona mwenyewe?" alimuuliza mpigaji. "Basi kaa hapo hapo, nakuja."

Akafunga mkoba, akamwambia Saa Moja ashuke taratibu asije akaanguka, na yeye akatangulia kwenye pikipiki.